Herufi nyembamba za mlazo zichorwe, zisibanwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie herufi zinazoandikwa kwenye mabango ya maduka, ubavuni mwa daladala na katika mbao za matangazo ya vivuko hapa Mwanza. Siku hizi mafundi wetu wamezipenda mno herufi zisizo na vikia (vile vistari vidogo vya kwenye ncha za herufi), nyembamba na zilizolalia kulia, na sababu yao inaeleweka, kwani maneno yetu ni marefu na anayetakiwa kuandika "Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela" kwenye ubao mdogo hana budi kutafuta herufi zinazokaa karibu karibu.

Mtindo wenyewe hauna kosa. Kosa ni pale fundi anapochukua herufi za kawaida, akazibana kwa kompyuta mpaka zipungue upana, kisha akazilaza. Mistari iliyosimama hukonda huku ile ya mlalo ikibaki na unene wake, na "o" iliyolazwa kwa nguvu hunenepa kona moja na kusinyaa nyingine. Mbunifu wa fonti nyembamba huanza upya: hupanga unene wa kila mstari, huacha matumbo ya "a" na "e" wazi yasizibwe na wino, na hupima nafasi kati ya herufi na herufi. Adrian Frutiger, mbunifu wa herufi kutoka Uswisi, alipotoa fonti ya Univers mwaka 1957, familia yenye sura 21, kila sura ilichorwa na kupewa namba yake. 57 ni nyembamba iliyosimama, na 58 ni nyembamba ya mlazo. Mchapaji hakuachiwa kazi ya kubana.

Kiswahili kinahitaji uangalifu zaidi, maana "m", "n", "u" na "i" hufuatana mno. Neno "mnunuzi" likibanwa kupita kiasi huwa uzio wa fito tu, na msomaji hubaki kukisia kwa kutazama "z".

Kwa maoni yangu, herufi hizi zinafaa vichwa vya majedwali, orodha za bei za samaki pale Mwaloni Kirumba, na hata vichwa vya habari za michezo, ambako mlazo huleta hisia ya mwendo (ingawa kurasa zenu za michezo huzidisha). Hazifai maelezo ya kuvaa jaketi okozi ndani ya kivuko, yanayosomwa kwa haraka na kwa hofu, wala jina la njia ya daladala, ambalo abiria wa Igoma au Buhongwa hulisoma gari likiwa bado linatembea. Huko ziandikwe herufi zilizosimama, zenye upana wa kawaida, na kama nafasi haitoshi, maneno yapunguzwe.

Nawaomba wanaoidhinisha mabango wayasimamishe kwanza upande mmoja wa Barabara ya Kenyatta na kujaribu kuyasoma wakiwa upande wa pili, kabla ya kumlipa fundi.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza.