Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: nyumba, mashimo na detekta

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wazee wangu wa hapa Tabora, mwangaluka.

Kwa kawaida taarifa hii huanza na idadi ya wanachama na makusanyo ya ada. Mwaka huu naanza na mashimo, kwa kuwa ndiyo yaliyotula muda, na nimesikia kwamba kuna wanaonong'ona kuwa mwenyekiti anayafunika. Sijafunika kitu. Nimeyafukia, hilo nakiri, tena kwa koleo langu mwenyewe.

Mlinzi alinipigia simu alfajiri, siku ya pili baada ya Idi. Nilipofika nyumbani (nikisema nyumbani mnaelewa ni nyumba ipi, ile ya Mjerumani tuliyopewa tuitunze) nilikuta uwanja wa nyuma umetobolewa kama chujio. Kati ya baraza na mwembe mkubwa nilihesabu mashimo 31, mengi yakiwa na kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Pembeni ya kila shimo kulikuwa na kile ambacho detekta, ile mashine inayolia ikihisi chuma au shaba ardhini, ililia kikachimbwa na kutupwa: vizibo vya soda, misumari iliyoliwa na kutu, vipande vya bati, bawaba nzima ya dirisha. Kwenye shimo moja karibu na jiko la nje, udongo uliomwagwa ulikuwa na vidoa vyekundu. Nikachuchumaa. Zilikuwa shanga, ndogo kuliko punje ya mtama, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Niliokota 14, nyingine zilikwisha kanyagwa na viatu vyao.

Sasa niseme lile ambalo halijasemwa kikaoni. Detekta iliyotumika usiku ule ilikuwa yetu.

Mnakumbuka tuliinunua kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu wa kule Nzega, ikiwa imetumika, ili tulitafute bomba la zamani la maji kabla fundi hajapasua sakafu. Bomba lilipatikana siku ileile. Baada ya hapo mashine ikabaki stoo bila kazi, na kitu kisicho na kazi hutafutiwa kazi. Mwanachama mwenzetu aliichukua bila kuandika kwenye daftari, akaja na wageni wawili waliomwahidi mgawo wa rupia, sarafu za enzi ya Mjerumani. Amejieleza mbele ya kamati, ameomba radhi, na amelipa gharama ya kurudishia baraza. Jina lake silitaji na naomba msimuulize. Kosa la kuacha stoo bila kitasa ni la kwangu.

Wageni walipata nini? Kwa maelezo yake, sarafu nne za heller, ndiyo senti za rupia: tatu za heller moja moja, za shaba nyekundu, na moja ya heller 20, ya shaba ya njano. Waliondoka nazo. Waliambiana usiku kucha kwamba dhahabu iko chini zaidi.

Hapa niombe subira yenu, maana hadithi ya dhahabu ya Mjerumani ndiyo inayotuletea watu wenye sururu. Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu za dhahabu za rupia 15 zilipigwa hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kijerumani, na herufi T ya Tabora. Ni kweli pia kwamba Wabelgiji waliingia mjini tarehe 19 Septemba mwaka huohuo na Wajerumani wakaondoka kwa haraka. Lakini zilipigwa 16,198 tu, na kila moja ina gramu 7 na kidogo. Pigeni hesabu: zote pamoja ni kilo 116. Dhahabu yote ya Tabora ni gunia moja la mahindi na debe juu yake, na ilitawanyika mikononi mwa watu kabla vita havijafika hapa. Nyingine leo zimo kwenye makabati ya wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani. Gunia hilo mnataka liwe limezikwa mara ngapi, chini ya miembe mingapi?

Kilichojaa ardhini ni chenji. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, sarafu mpya haziji kutoka Ujerumani, serikali ikaanza kulipa kwa noti zilizochapwa hukuhuku, na watu, kwa akili zao nzuri, wakazificha rupia za fedha na kuzikimbia karatasi. Ndipo heller 5 na heller 20 zikagongwa kwa mabaki ya shaba yaliyookotwa huku na huku. Heller 20 zilizidi milioni moja. Anayesikia mashine inalia Tabora, uwezekano mkubwa ni hiyo, kama si kizibo.

Nirudi kwenye shanga, maana zilinikosesha usingizi kuliko sarafu. Watu wa misafara waliziita samsame, na jina la utani kimarapamba, yaani mmaliza chakula, kwa vile mtu alikuwa tayari kutoa chakula chake ili azipate. Zilibebwa vichwani kutoka pwani miongo mingi kabla ya Mjerumani kuweka jiwe la kwanza la nyumba hii. Kwa hiyo chini ya jiko kuna uwanja wa wakubwa waliotangulia, na hatukuwa tukijua. Detekta haikulia kwa ajili yao. Haisikii shanga, haisikii kigae, haisikii jivu wala kiko cha udongo. Ilisikia msumari, na kwa ajili ya msumari tabaka lote likageuzwa juu chini. Leo siwezi kumwambia mtu shanga zile zilikuwa juu ya heller au chini yake.

Wapo wanachama, wasomi wa sheria, walionieleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu vitu vya kabla ya mwaka 1863, na rupia ni za baadaye, hivyo tuchimbe kwa amani. Nawajibu hivi: shanga hazijui kusoma sheria. Ukichimba kutafuta cha 1916 unapita kwenye cha 1850, na kuchimba mabaki ya kale bila leseni ya Mambo ya Kale ni kosa. Tena uwanja si wetu. Tumepewa dhamana tu.

Kamati imeamua yafuatayo hadi mkutano huu utakapoamua vingine. Mashine inakaa kwa katibu, betri kwa mweka hazina, na hao wawili mnajua hawakubaliani hata kuhusu saa ya kikao. Barua ya kuomba mtaalamu aje kuangalia sehemu ya jiko imekwenda, na majibu tunayasubiri. Shanga 14 zimo kwenye bahasha, na juu yake nimeandika mahali, tarehe na kina, ingawa kina ni cha kukisia.

Mengineyo kwa ufupi. Paa la upande wa magharibi limezibwa, mvua mbili zimepita bila ndoo sebuleni. Mchwa wamerudi kwenye fremu ya mlango mkubwa. Ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana. Hesabu atazisoma mweka hazina. Vijana wa sekondari walikuja mara tatu, na swali lao la kwanza kila mara lilikuwa rupia.

Toroli la chama bado liko kwa mwanachama mmoja tangu Machi. Anajijua. Tunalihitaji Jumamosi, kuna udongo wa kurudisha.

Mwenyekiti