Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara na Viwanda: leso zetu na Mkataba wa Riyadh

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi nachora leso, yaani khanga, hapa Mombasa, mwaka wa 9 huu. Mwaka jana nilichora mji (ule mchoro wa katikati) wa mkorosho na pindo la mawimbi, wiki 3 nafuta nachora upya, nikatuma picha kwa mchapishaji wa nje anipigie doti 200, kumbe mzigo wangu haujatoka hata bandarini leso ileile ishafika kwenye duka la mtu, mji uleule pindo lilelile, hata jani moja nililolikosea mimi na yeye kalikosea vilevile, jina tu ndo limebadilishwa. Nililia pale dukani, sikuona aibu.

Nikaulizwa, ulisajili? Sikusajili. Na picha nilishaziposti nione wateja wanasemaje, na nchi nyingi ukishaonyesha kazi kabla ya kuomba ulinzi basi imekutoka.

Ndo maana huu Mkataba wa Riyadh, mkataba wa kimataifa wa usajili wa michoro ya bidhaa, uliopitishwa 22 Novemba 2024, baada ya karibu miaka 20 ya mazungumzo, mimi naupenda, unampa mchoraji miezi 12 ya kuomba tangu aonyeshe kazi yake. Kwa mtu kama mimi hiyo miezi ni uhai.

Lakini Mheshimiwa, wepesi huo ni wa kila mtu, hata kampuni ya mbali inayotaka kisutu, ile leso ya zamani waliyovaa bibi zetu harusini. Nchi za Afrika zilipigania sana kipengele cha mwombaji kutaja kama mchoro umetoka kwenye utamaduni wa jamii fulani, kikaingia, ila kimeandikwa nchi INAWEZA kudai hivyo. Inaweza, si lazima. Kwa hiyo tusipodai sisi hakuna atakayetudaia, na tulishaona neno kikoy lilivyotaka kusajiliwa Uingereza ikabidi watu wapambane.

Naomba ukiupeleka mkataba bungeni, peleka pamoja na marekebisho ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, iseme LAZIMA mwombaji ataje, na iungane na ile ya 2016 ya maarifa ya jadi. Na KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili michoro, waje Pwani watufundishe fomu kwa Kiswahili, hawa mama wa leso hawawezi kila siku kupanda gari kwenda Nairobi.

Nina mchoro mpya, nimeukunja kabatini, hata binti yangu sijamuonyesha.