Mwanangu, habari za kamanda aliyekuja ziwani kwetu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, na mama yako ameisoma mara mbili kabla ya kunikabidhi. Sisi huku wazima. Unasema chombo kiligonga gati upande wa tezi wewe ukiwa kwenye usukani, bati likapinda, na tangu siku hiyo umeshushwa nchi kavu, unahesabu mapipa ya mafuta ofisini. Unaniuliza kama safari yako ya ubaharia imeishia hapo. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana jibu langu lina kisa ndani yake.

Kuna Mwingereza aliyepigana vita katika ziwa letu hili la Tanganyika, jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Nilipoanza kazi katika chumba cha injini cha meli ya Liemba, wazee walimtaja kwa vipande, nami nikaja kumsoma baadaye. Alizaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa na miaka 14. Alipewa meli, akaharibu. Aliipandisha moja ufukweni, nyingine ikagonga mashua, na vita vilipoanza mwaka 1914, manowari ndogo iliyokuwa chini yake, Niger, ilizamishwa karibu na Deal yeye akiwa hotelini. Wakubwa wake wakamkalisha mezani London. Mtu wa miaka 38 anasukuma makaratasi huku wenzake wako baharini. Unaona kwa nini nimemkumbuka.

Mwaka 1915 mwindaji mmoja, John Lee, alikwenda London na wazo: boti mbili za injini zivushwe Afrika hadi Tanganyika, ziwaondoe Wajerumani waliokuwa wakilitawala ziwa. Wazo likakubaliwa, na wa kuongoza akatafutwa. Spicer-Simson akapewa. Boti zikaitwa Mimi na Toutou, za mbao za mahogani, kila moja futi 40. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikaburutwa porini na kuvushwa milima ya Mitumba, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya Wakongo waliokata njia na kujenga madaraja. Majina ya hao waliojenga madaraja sijayaona popote, na kila nikisoma kisa hiki hilo huniuma. Lee ndiye aliyetangulia kuitafuta njia. Kabla hawajafika ziwani, alikwishatolewa kwenye msafara kwa tuhuma, na Spicer-Simson akabaki na sifa yote.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya Jumapili, boti ya Kijerumani Kingani ilitokea Waingereza wakiwa kwenye sala. Mzinga wake ulipiga mbele tu, basi Mimi na Toutou zikaijia kwa nyuma, na katika dakika 11 ikasalimu amri. Wakaitengeneza, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Upande wa Spicer-Simson hakufa mtu hata mmoja. Waholoholo wa ng'ambo walimwita Bwana Chifunga-tumbo kwa kile kisketi cha kaki alichojifunga kiunoni.

Kesho yake ikaja Graf von Götzen, meli kubwa kuliko zote ziwani, yenye mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Spicer-Simson akakataa kutoka kupigana nayo. Kwa hilo simlaumu. Risasi moja ingeitosha boti ya mbao. Ninachomlaumu ni Kasanga, kule kusini mwa ziwa, mwezi Juni. Alitakiwa awazibie Wajerumani njia ya maji, akaiona mizinga ya ngome, akageuza. Usiku maadui wakaondoka kwa mashua. Mizinga ile ilikuwa ya mbao. Hakutuma hata mtumbwi mmoja kwenda kutazama.

Alipewa nishani, lakini meli hakupewa tena. Sasa nisikilize hapa, maana watu wengi wakifika hapa hufunga kitabu. Kabla ya vita huyu mtu alikuwa amepelekwa kuupima mto Gambia, kina chake na mikondo yake. Mwaka 1921 akawa katibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, akakaa hapo hadi 1937. Miaka 16 ya ramani na vina vya maji, ili manahodha wa mataifa yote wasome bahari kwa lugha moja. Mimi fundi, nikipima, naona hiyo miaka 16 ni mizito kuliko zile dakika 11.

Na Götzen, unajua mwisho wake. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, lakini kwanza mafundi wao walizipaka injini grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke sikuzikuta, zilikuwa zimeshabadilishwa, lakini wazee walinionyesha zilipokaa. Nilikuwa kila nikipita pale nawafikiria wale waliopaka grisi wakijua meli inakwenda chini.

Kwa hiyo, mwanangu, hiyo ofisi ya mapipa isikutishe. Humo ndani kuna ramani za bandari na vitabu vya safari. Visome kila jioni, hasa kurasa za gati ulilogonga. Na ile taarifa ya ajali, kama bado hujaiandika, andika upepo ulivyokuwa, mwendo ulivyokuwa, na neno ulilolichelewesha wewe. Mwenzako wa zamu aliyekutahadharisha mtaje kwa jina lake.

Mama yako ameanika migebuka na dagaa, mzigo utakuja na basi la Ijumaa. Mpigie akupe namba ya gari.

Ni mimi baba yako.