Kutoka Nyegezi, kuhusu Shipka

Nyegezi, Mwanza

Mpendwa Shija,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sote hatujambo, na Mama anakusalimu sana. Picha zako za Shipka, ile njia ya mlimani kule Bulgaria, nimezipata, na tangu hapo sina hadithi nyingine.

Kilichonigusa ni mlima wenyewe kuhifadhiwa, mizinga ikiwa bado imeelekezwa bondeni. Nilikuwa najua kwamba Agosti 1877 Warusi na Wabulgaria waliojitolea waliizuia njia ile, jeshi la Waturuki la Suleiman Pasha lisivuke. Sasa nimeona walikosimama. Risasi zilipowaishia walirusha mawe, magogo, mwishowe hata maiti za wenzao, mpaka kikosi cha Warusi cha Jenerali Radetzky kikawafikia. Hebu fikiria, Shija, kijana wa rika letu anamwinua rafiki yake aliyekufa ili amrushie adui! Halafu ikaja baridi, nayo ikaua wengi.

Na ule mnara wa 1934 kumbe ulijengwa kwa michango ya wananchi. Hapo nikamkumbuka Bibi. Wakati wa vita vya Kagera alitoa ng'ombe kwa ajili ya chakula cha askari, kama walivyofanya wengi huku Usukumani. Kisha akatoa na mtoto. Baba mdogo amelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, na Bibi alifariki bila kufika pale.

Makaburi yanatunzwa, nashukuru. Ila mtu anahitaji pia kuona mahali penyewe palipopiganiwa. Pale Kyaka, ambapo majeshi ya Amin yalilipua daraja mwaka 1978, wengi wetu tunavuka Mto Kagera tukiwa tumesinzia kwenye basi. Natamani watoto wa shule zetu washushwe pale, waonyeshwe mto, waelezwe nani alikuwa ng'ambo ipi.

Ukija likizo Julai, twende wote. Tarehe 25 ni Siku ya Mashujaa. Siku hizi hatusubiri kivuko, basi linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, na Muleba tunafika kabla ya Bukoba. Kaboya kwanza, halafu Kyaka. Niandikie mapema tarehe utakayofika, niombe ruhusa kazini.

Ukirudi Shipka, niangalizie kama wale waliojitolea wameandikwa majina pamoja na vijiji vyao. La Baba mdogo nataka tuliandike na Misungwi yake.

Wako,
Kabula