Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Misukule

Ndugu Mlezi wa chama, wazee wetu mliokubali kutoka nje na baridi hii, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama: ugonile kwa wenyeji, kamwene kwa mliopanda basi kutoka Iringa na Mafinga, na shikamooni nyote mnaostahili.

Katiba inamtaka mwenyekiti asome taarifa mara moja kwa mwaka. Mwaka jana niliisoma kwa dakika nane kwa sababu sikuwa na la kusema. Mwaka huu nitawachosha. Anayetaka chai aifuate sasa hivi.

Kwa wageni wetu: tunakutana hapa Mbeya Jumamosi mbili kila mwezi, tunatazama filamu ya kutisha, kila mmoja anatoa maoni yake na Katibu anayaandika kwenye daftari kubwa. Hatulipwi na hatumfundishi mtu. Tunajifurahisha tu. Jirani mmoja wa ukumbi alimuuliza mlinzi kama sisi ni dhehebu jipya. Mlinzi akamjibu kwamba hajui, ila tunapiga sana makelele halafu tunacheka.

Tulipanga filamu 24, tukatazama 19. Zilizobaki zilikatizwa na umeme, na misiba miwili ambayo sote tunaikumbuka.

Tulifungua mwaka na Nosferatu ya Mjerumani F. W. Murnau, ya mwaka 1922, filamu bubu. Vijana walinung'unika: haina sauti, haina rangi, ina umri wa bibi wa bibi. Ndipo mjumbe wetu aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa akasema nipeni maiki. Sisi wa rika lake tulijulia filamu masikioni kabla ya machoni, kwa sauti ya Lufufu, yule mfasiri wa muvi, akitufasiria mambo ya ugenini kwa Kiswahili cha mtaani. Kwa hiyo tukampa. Akamgeuza yule Orlok, mnyonya damu wa filamu ile, kuwa mumiani aliyepanga chumba Sokomatola na hataki kulipa kodi. Watu walicheka mpaka uji ukamwagika. Halafu, kivuli cha Orlok kikiwa kinapanda ngazi na vidole vyake virefu, umeme ukakatika.

Mfasiri wetu, kwa mazoea, akaendelea gizani: "Na sasa yupo mlangoni." Akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa sauti yake mwenyewe.

Tulipowasha taa za simu, Katibu akatusomea historia ya filamu hiyo. Walioitengeneza hawakuomba ruhusa kwa wenye kitabu cha Dracula. Mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa kitabu hicho, akawashtaki, mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zikasalimika chache zilizokuwa zimeshasambaa. Katibu ameandika daftarini: "Mumiani huyu aliokolewa na wenye nakala za wizi." Naomba mstari huo usiwe kisingizio. Kamati inataka filamu zetu zipatikane kihalali, au ziwe zile ambazo haki zake zimekwisha, ingawa najua nusu yenu mnajaziwa muvi kwenye flashi kwa bei ya maandazi mawili.

Sasa niseme kuhusu maksi, maana hapo ndipo mwaka ulipogeuka.

Zamani tulikuwa tunauliza: inatisha ngapi kwa kumi? Mfumo ule uliharibiwa na uongo. Wanaume hasa. Mtu amemshika jirani mkono dakika arobaini, zamu yake ya maksi ikifika anakohoa na kusema, "Mbili. Kawaida tu." Ukifungua daftari la miaka mitatu iliyopita utadhani chama hiki kina makomando watupu. Mwezi wa tatu mwalimu wetu mstaafu, mama yetu wa Uyole, akasimama akasema maksi zifutwe. Kila mtu ajibu maswali mawili tu: uliangalia pembeni wapi, na ulipofika nyumbani ulifanya nini? Tukapiga kura, wanaume wakashindwa.

Majibu yamekuwa bora kuliko filamu zenyewe. Baada ya The Exorcist ya William Friedkin, ya mwaka 1973, ya binti aliyepagawa na pepo, kaka mmoja alikiri kwamba alilala na Biblia mbili, moja akaiazima. Kuhusu filamu hiyo wapo waliotegemea niseme neno, nami nasema. Wanachama wawili walisimama katikati na kuanza kukemea pepo kwa sauti. Sikuwakatiza kwa sababu walikemea vizuri na waigizaji wa kule hawakuonekana kuwashinda. Lakini mwenzetu mmoja aliondoka na hajarudi, na tumemtuma Katibu mara mbili kwenda kumwona. Chama hiki si cha kumkwaza mtu kwenye imani yake. Tangu sasa tangazo la filamu litasema wazi ndani mna nini, ili mtu achague akiwa nyumbani.

Jambo dogo kuhusu filamu hiyo: chumba cha yule binti kilipoozwa kwa mashine kubwa ili pumzi za waigizaji zionekane kama moshi. Sisi tuliitazama Juni. Pumzi zetu zilionekana bure.

Jaws ya mwaka 1975 haikututisha. Papa wa bandia alikuwa akiharibika baharini kila mara, ikabidi Steven Spielberg amfiche, na hofu yote ikawa kwenye maji na muziki. Ni ufundi mkubwa. Ila kwa watu wa Mbeya papa yuko Dar es Salaam, na atakaa hukohuko. Aliyeangalia pembeni ni mmoja tu, dada wa Kyela, naye alisema alikuwa anamfikiria mamba. Psycho ilitufurahisha zaidi tulipojua kwamba ile damu ya bafuni ni sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu haina rangi. Ringu ya Japani, ya mwaka 1998, inayohusu mkanda wa video unaoua anayeutazama, ilihitaji somo kwanza, maana vijana wanne hawakuwa wamewahi kushika mkanda wa video. Nilileta wa kwangu wa harusi. Wanasema wa harusi unatisha zaidi.

Nirudi kwenye misukule.

Mwezi wa saba tulitazama Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, ambamo watu wamejifungia ndani ya nyumba wakiwakimbia wafu wanaotembea. Hii ni halali kabisa: ilipobadilishwa jina dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki likasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. Staringi ni Duane Jones, mtu mweusi, na ndiye mwenye akili kuliko wote ndani ya nyumba ile. Anapigana usiku kucha, anabaki peke yake, kunakucha, wanakuja waokoaji wenye bunduki, wanamwona dirishani, wanampiga risasi ya kichwa.

Wazee mnaojua, staringi hafi. Tumelelewa hivyo. Staringi anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho anarudi na wimbo. Siku ile watu waligoma kutoka ukumbini, kana kwamba kuna sehemu ya pili imefichwa. Ubishi ukaanzia hapo na ukatuchukua miezi mitatu. Swali lilianza kiurahisi: wale wafu wanaotembea ni misukule au siyo?

Mzee wa Rungwe alisema siyo kabisa. Msukule hali watu. Msukule ni mtu aliyezikwa, ndugu wakalia, matanga yakaanuliwa, kumbe amechukuliwa na usiku analimishwa shamba la mwingine bila ujira, ulimi umekatwa asiseme. Kumwogopa msukule ni kuogopa kuwa yeye. Wa Romero mtu anaogopa kuliwa naye. Hayo ni mambo mawili. Mimi nilikuwa upande wa pili, nikidai mfu ni mfu, nikapekua hoja ya kumshinda mzee. Nikakuta kinyume. Ndani ya filamu ile neno zombi halitamkwi hata mara moja. Na zombi wa asili, wa Haiti, ni mfu anayefanyishwa kazi. White Zombie ya mwaka 1932 inawaonyesha wakisukuma kinu cha miwa, mmoja anaanguka ndani na wenzake wanaendelea kusukuma. Haiti ilikuwa nchi ya watumwa wa mashamba ya miwa. Wanajua walichokuwa wanakiogopa. Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi, nami nakiri mbele ya mkutano kama nilivyoahidi. Soda yake ipo kwa mweka hazina.

Tukatafuta na Nsyuka ya Mussa Banzi, filamu ya kutisha ya hapa kwetu ya miaka ya mwanzo ya 2000. CD tuliyoipata ilikuwa chakavu na ikakwama mara tano. Lakini jina peke yake lilitupa jioni nzima. Mama wa Tukuyu alitueleza kwamba kwa Kinyakyusa kusyuka ni kufufuka, na abasyuka ni wahenga waliotutangulia, ambao ukiwapuuza wana njia zao za kukukumbusha.

Ndiyo maana mwezi wa tisa, ilipofunguka Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ukumbi ulipiga kelele kabla hata hatujamwona yule kijana ambaye ndiye staringi. Wimbo wa majina ya mwanzo ni wa Kiswahili! Umetungwa na Michael Abels na unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Unamwonya ndugu akimbie ajiokoe. Mwalimu wa Uyole alisahihisha papo hapo, kwamba sisi tungesema wasikilize wahenga. Lakini akaongeza kwamba onyo limefika, na kwamba ubaya wa yule kijana ni kutojua lugha.

Kijana huyo, anayeigizwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza mwenye wazazi wa Uganda, anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba. Mama mkwe anakoroga chai, kijiko kinazunguka kikombeni, na kijana anazama ndani ya nafsi yake mwenyewe, anaona lakini hawezi kujongea. Mzee wa Rungwe alisema neno moja tu: "Ndiyo huyo." Tangu siku ile, kwenye chama cha watu wanaokaa katikati ya mashamba ya chai, ukikoroga kikombe unatazamwa vibaya. Kamati imehamia kwenye chai iliyotiwa sukari jikoni.

Ulipofika muda wa maswali yetu mawili, nilidhani watu watataja damu ya mwishoni. Hakuna aliyeitaja. Karibu wote waliangalia pembeni sehemu moja: pale mfanyakazi wa ndani anapomtabasamia mgeni na kusema hapana, hapana, huku machozi yanamtoka. Ilipofika zamu ya dada yetu wa Iringa alisema, "Mimi nilikuwa huyo." Alichukuliwa kwao na miaka kumi na minne kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Nyumbani waliambiwa anasoma. Kila aliyepiga simu kumuulizia, alipewa simu huku mwenye nyumba amesimama pembeni, naye akacheka na kusema hajambo. Katibu aliweka kalamu chini. Dada alimaliza kwa kusema filamu ni nzuri na kwamba yeye angemkimbia yule mama mapema zaidi. Mwenyewe ameniruhusu nilisome hapa.

Kuna ombi nimelikataa mwaka huu, na nataka sababu ziingie kwenye kumbukumbu. Baadhi ya vijana walitaka The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, ambamo muuaji anavaa uso wa ngozi ya binadamu. Vijana, mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa wadogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 watu waliuawa na kuchunwa ngozi katika mkoa huu, na wapo ndani ya ukumbi huu waliokuwa hawatoki nje ikishafika saa kumi na mbili. Atakayetaka kuitazama aitazame kwake. Hapa haitaonyeshwa nikiwa mwenyekiti, na mkitaka kuniondoa kwa hilo, uchaguzi ni kipengele kinachofuata.

Fedha atazisoma mweka hazina. Si nyingi, hatachelewa. Niseme tu kwamba taa ya projekta iliungua Agosti, fundi mmoja akatuuzia nyingine aliyosema ni mpya, ikadumu wiki mbili. Tumekubaliana kutorudi kwake.

Usafiri: akina dada walilalamika, na kwa haki, kwamba kutoka ukumbini saa nne usiku kutafuta bajaji baada ya filamu ya namna hii ni mateso juu ya mateso. Kuanzia Januari tutaanza saa tisa alasiri. Tumeshanunua mapazia meusi. Wanaosema mchana hauogopeshi wakumbuke kwamba bado tunao umeme uleule.

Filamu ya kwanza ya mwaka mpya ni White Zombie, kwa heshima ya mzee wa Rungwe, naye ndiye atakayefungua mjadala. Njooni na blanketi. Na aliyechukua waya wa kuunganisha projekta baada ya Get Out aurudishe, hataulizwa kitu.

Naomba kuwasilisha.