Barua kwa mwanangu: mpigie baba yako mdogo kabla hujapanda treni

Mwanangu,

Salamu kutoka hapa nyumbani Mwanga. Sisi wazima, mguu wa mama yako umeanza kupungua uvimbe na jana alikwenda sokoni mwenyewe. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa baba" halafu jambo lenyewe linabaki palepale. Barua hii utapewa na kondakta wa basi la Tabora pamoja na dumu la mawese. Dumu si lako, nitakueleza huko mbele.

Shangazi yako alinipigia baada ya arusi ya binti yake. Alinieleza kwamba mlipomaliza kula, mazungumzo yakaangukia mpira wa kikapu, baba yako mdogo akasema hajatokea mchezaji kama Michael Jordan na hatatokea, wewe ukasema ni LeBron James, na mkaendelea hivyo mpaka wakwe wakaacha mazungumzo yao wakabaki kuwatazama. Kisha ukamwambia mbele za watu, "Baba mdogo, kikapu hukijui, umekariri." Akanyanyuka akaenda kulala. Asubuhi alikwenda stesheni bila kukuaga. Tangu siku hiyo hujampigia, na wiki ijayo unakwenda Dar kuanza chuo ukiwa unakaa kwake, chini ya paa lake.

Mpigie. Usingoje ufike Dar ukamwamkie mlangoni kama vile hakuna kilichotokea. Mpigie ukiwa bado Tabora.

Sikuandikii kukwambia kwamba umekosea kuhusu LeBron. Mimi mwenyewe niko upande huo, na baba yako mdogo anajua, tumebishana naye miaka mingi. Nilifurahi hata kusikia kwamba uliweza kusimama mbele ya watu wazima ukatetea unachokiamini bila kutetemeka. Hilo umelipata kwa mama yako. Lakini shangazi alinitajia na hoja zako, na nyingine zilikuwa za haraka haraka. Ulisema LeBron ana pointi zaidi ya 40,000, basi habari imeisha. Ni kweli alivuka idadi hiyo Machi 2024, na mwaka mmoja kabla, Februari 2023, ndipo alipoipita rekodi ya ufungaji ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387. Lakini LeBron amecheza zaidi ya misimu 20, Jordan alicheza 15, na katikati aliondoka kabisa baada ya baba yake kuuawa mwaka 1993, akaenda kujaribu besiboli. Ukigawa pointi kwa michezo, Jordan ana wastani wa 30.1, na hakuna mtu katika historia ya NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliyemaliza maisha yake ya uchezaji akiwa juu yake. Kwa hiyo mtu akikutajia 40,000, mwenzake ana haki ya kuuliza: kwa muda gani?

Tena umesema Jordan alikuwa mfungaji tu. Hapo baba yako mdogo alikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka 1988 Jordan alichaguliwa mchezaji bora wa ligi, akaongoza kwa ufungaji, na mwaka huohuo akachaguliwa mlinzi bora wa ligi. LeBron hajawahi kupata hiyo tuzo ya ulinzi. Fainali sita alizoingia Jordan alishinda zote sita, na zote sita yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali. LeBron ameingia kumi akashinda nne. Najua utasema kufika kumi ni kazi kuliko kufika sita, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini hilo ni jambo la kujengea hoja taratibu. Hulitupi kama jiwe kwa mtu aliyekubeba mgongoni.

Kuhusu kukariri, nikwambie kitu ambacho hukijui, maana wakati huo ulikuwa mdogo na ulikuwa umelala. Juni 2016 baba yako mdogo alikuwa amekuja likizo. Mchezo wa saba wa fainali, Cleveland ya LeBron na Golden State, ulikuwa unaanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Umeme wa Kigoma wakati ule ulikuwa wa majenereta ya mafuta, tukawa tunaomba usikatike. Golden State walikuwa wameshinda michezo 73 msimu ule, rekodi ya ligi, na kwenye fainali, ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda michezo minne, walikuwa wametangulia tatu kwa moja. Mpaka wakati ule hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma hivyo kwenye fainali ikachukua ubingwa. Sasa wamefikishwa tatu kwa tatu. Matokeo ni 89 kwa 89, zimebaki chini ya dakika mbili, Andre Iguodala anakimbia peke yake kwenda kuweka mpira kikapuni. LeBron alikuwa nyuma, mbali. Alitokea pale sijui kwa mbio gani, akaruka, akaubandika mpira kwenye ubao. Baba yako mdogo, huyohuyo mtu wa Jordan, alisimama akapiga meza mpaka chai ikamwagika kwenye daftari zangu za kusahihisha. Akasema, "Kaka, huyu mtoto ni hatari." Kisha Kyrie Irving akafunga ile ya pointi tatu mbele ya Stephen Curry, Cleveland wakashinda 93 kwa 89. Adhana ya alfajiri ilikuwa karibu. Jiji lile halikuwa limeona ubingwa wa mchezo wowote mkubwa tangu 1964, na aliyewaletea ni kijana wa Akron, jirani yao tu, aliyezaliwa na binti wa miaka 16 na kulelewa na mama peke yake. Katika fainali ile LeBron aliwaongoza wachezaji wote wa timu zote mbili kwa pointi, ribaundi (mipira ya kudaka ikikosa kikapu), asisti (pasi za kufungia), mipira ya kupora na ya kuzuia. Mimi ubishi wangu uliishia pale. Mdogo wangu yeye aliketi, akafuta meza, akaanza kunieleza kwa nini hata hivyo bado ni Jordan, na maelezo yake yalikuwa ya mtu aliyetazama miguu ya wachezaji, siyo mabango. Mtu kama huyo ndiye uliyemwambia hajui kikapu.

Na Jordan wake hakumkuta kwenye simu kama wewe. Miaka ya tisini kanda za video zilikuja na watu wa biashara kutoka Bujumbura, zimepita mikono mingi, picha inaruka ruka, na vijana wanajaa kwenye chumba kimoja kutazama mchezo ambao umeshachezwa miezi mingi iliyopita. Yeye ndiye aliyepigilia ringi ya baiskeli kwenye mwembe nyuma ya nyumba ya bibi yenu kule Ujiji. Alikuwa anarusha mpaka giza linaingia. Alipoona Jordan anamaliza fainali ya 1998 kule Utah, pointi 45, na kikapu cha mwisho zikiwa zimebaki sekunde tano na kidogo, hakula siku hiyo. Mtu akiwa na umri ule akamwona mchezaji wa namna ile, huyo ndiye bora wake maisha yote. Huwezi kumhamisha kwa takwimu, na sioni sababu ya kumhamisha.

Kwani wewe ulitaka aseme nini? Ninyi wawili mlibishana saa nzima na hakuna aliyeuliza: bora kwa lipi? Ukiniuliza nani alipanda juu zaidi katika kilele chake, nitakwambia Jordan bila kusita. Ukiniuliza nani amedumu juu kwa muda mrefu, akapitisha vizazi, mpaka Oktoba 2024 akaingia uwanjani pamoja na mwanawe wa kumzaa, jambo ambalo ligi ile haikuwahi kuliona, nitasema LeBron, na mimi kudumu ndiko ninakokuheshimu zaidi. Mtu mwingine atakuuliza habari ya mataji, na hapo wote mnapaswa kunyamaza mbele ya Bill Russell wa Boston: mataji 11 katika misimu 13. Hata tuzo ya mchezaji bora wa fainali sasa inaitwa kwa jina lake. Hakuna aliyemtaja pale arusini. Na kama swali ni nani bora leo, basi mnayemtafuta labda ni Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka wake timu zilipogawana wachezaji wapya na bado akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, au Shai Gilgeous-Alexander aliyechukua yote mwaka 2025, ubora wa ligi, ubingwa na ubora wa fainali. Kila swali lina mtu wake.

Kuna jambo jingine alilonieleza shangazi, na hili limeniuma kuliko la Jordan. Mtu mmoja alipomtaja Hasheem Thabeet, wewe ulicheka. Mwanangu, usimcheke yule kijana. Mwaka 2009 timu ya Memphis ilimchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wa ligi nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza kule. Ndiyo, hakufika walikofika hao wawili. Lakini alianza kushika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, Dar, kwenye viwanja vya saruji unavyovijua, na akatoka hapo mpaka jina lake likaitwa la pili. Wewe uliyekosa nafasi kwenye timu ya shule mwaka jana ukalala siku nzima huna cha kumchekea. Mtu wa kwanza kupita njia hana wa kumuuliza inaelekea wapi. Baba yako mdogo alikuwa Dar siku ile, na alinipigia usiku wa manane akilia kwa furaha. Ndiyo maana nadhani kilichomnyanyua pale kitini ni kicheko kile, hayo mengine angeyavumilia. Ukimpigia, anzia hapo.

Au mchukue Dikembe Mutombo, Mkongo, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Mlinzi bora wa ligi mara nne, na kidole chake kile cha kukataza alichokuwa akikitikisa akishazuia mpira. Hakuna anayemtaja kwenye ubishi wa nani bora kabisa, na yeye mwenyewe asingejitaja. Mama yake alifariki kwa sababu hakuweza kufikishwa hospitali, naye akajenga hospitali Kinshasa, ikafunguliwa mwaka 2007, akaipa jina la mama yake. Wakongo hapa Kibirizi alipofariki mwaka 2024 walimzungumza siku nyingi kama ndugu yao.

Nirudi kwenye simu. Unajua mimi na baba yako mdogo kuna wakati hatukuwa tunapigiana. Ilikuwa habari ya kile kiwanja cha Ujiji, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Bibi yako alifariki katikati ya kimya kile, tukakutana kaburini. Mama yako hapendi niizungumze habari hiyo na sitaiendeleza. Nimeitaja ili uelewe kwa nini nakusumbua kwa jambo ambalo wewe unaona ni la mpira.

Mpigie jioni, baada ya saa moja, akishatoka kazini na kuoga. Mchana hapokei. Asipopokea mara ya kwanza, rudia, wala usimtumie ujumbe. Ujumbe ataufungua, ataufunga.

Sasa dumu. Hayo mawese ni ya mama yako mdogo, lita tano, ya Mwandiga, mama yako ameyachemsha mwenyewe. Kaza kifuniko na ufunge na nailoni kabla ya kupakia, la sivyo litavuja kwenye nguo zako zote na doa la mawese halitoki. Ndani ya boksi dogo kuna migebuka mikavu na dagaa kilo mbili. Migebuka ni ya baba yako mdogo, usiwagawie wenzako kwenye behewa. Dagaa mnaweza kugawana na dada yako, maana na yeye amelalamika kwamba tunamsahau tangu ahamie Isevya.

Fedha ya nauli nimemtumia dada yako kwa simu, imezidi kidogo. Kilichozidi nunua shuka, usinunue fulana ya Lakers, najua ulishaulizia bei. Vyeti vyako vya kuzaliwa na vya shule visafiri kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku. Pesa ya mkopo ikichelewa niambie mapema, usikope kwa wenzako. Mdogo wako anadaiwa michango ya kidato cha pili na bati la jikoni linavuja upande wa mashariki, kwa hiyo nikijua mapema nitajipanga.

Kule kwa baba yako mdogo wanaamka mapema. Fagia uwanja bila kuambiwa. Mechi za usiku utazame na sauti chini, mama mdogo ana zamu za asubuhi. Najua mkishapatana mtakesha pamoja msimu ukifika fainali, na sina neno, ila uende darasani kesho yake.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama zile suruali mbili zinakutosha au umerefuka tena. Mjibu yeye kwanza. Mimi nijibu ukishazungumza na mdogo wangu.

Baba yako,
Kigoma