Mhariri, mawe ya Igogo yanatosha kutengenezea movi

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa rohoni kuhusu movi zetu huku Mwanza.

Mimi ni mpiga video, harusi, sendofu, kipaimara, ndo kazi inayonilisha. Juzi kati jamaa wa kibanda umiza hapa Mabatini kanijazia flashi, ndani nikakuta movi ya Uingereza ya mwaka 2008 inaitwa Shifty, haijatafsiriwa. Nikajua ni risasi na magari kugongana tu. Wapi! Ni siku moja, jamaa anaitwa Chris anatokea Manchester anarudi mtaani kwao pembeni ya London baada ya miaka kadhaa, anamkuta rafiki yake wa utotoni, ndo Shifty mwenyewe, kawa pusha, anauza madawa ya kulevya, basi anashinda naye, wanapita nyumba hadi nyumba kupeleka mzigo, na wewe unayeangalia unaona kabisa huyu kijana kamba inakaza na yeye mwenyewe anacheka tu. Kuna mteja wake mmoja fundi ujenzi, ana mke na watoto, yule ndo alinitisha kuliko bunduki yoyote.

Nikaenda kusoma walivyoitengeneza. Aisee, siku 18! Bajeti pauni laki moja, kupitia mpango wa Film London unaoitwa Microwave, uliokuwa unawapa madairekta wachanga hela kidogo pamoja na wazoefu wa kuwashika mkono. Najua kwetu pauni laki moja ni zaidi ya milioni 300, sio hela ya mchezo, ila iangalie uone walivyobana, nyumba za kawaida, barabara, sura mbili zinaongea basi. Dairekta Eran Creevy ndo ilikuwa movi yake ndefu ya kwanza na akawania BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, na Riz Ahmed aliyecheza Shifty mwaka 2022 kachukua Oscar kwa filamu fupi.

Sasa njoo kwetu. Mwaka jana mimi na wenzangu tulipeleka skripti yetu kwa mzalishaji mmoja, akasema stori nzuri ila ihamisheni, tafuteni ghorofa lenye swimingi puli na gari kali, nani atoe hela yake aangalie mawe ya Igogo. Iliniuma sana. Huyo hajawahi kupanda zile njia za mawe za Igogo, mtaa wa mlimani hapa Mwanza, saa kumi na mbili jioni, ukiegemea jabali bado lina joto la jua mgongoni, mama anashuka na ndoo kichwani wewe unabana pembeni apite, halafu ukigeuka unaliona ziwa lote na mitumbwi ya dagaa inaanza kutoka na taa zake. Hiyo lokesheni hailipiwi hata mia.

Na uhalifu wa kwetu tunao. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba umuulize mvuvi yeyote habari za injini kuporwa ziwani, mtu kakopa kanunua injini, usiku anavamiwa, wanafungua injini wanaondoka nayo, anabaki katikati ya maji na kasia na deni. Skripti yetu ndo iko hapo, kijana anarudi kutoka Dar anamkuta rafiki yake wa damu ndo anayeziuza hizo injini, siku moja tu, toka asubuhi magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye fuso mpaka usiku.

Ninachoomba, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa mikopo unatoa na tunashukuru, ila utenge na fungu dogo lisilo la mkopo kwa movi ndogo za mikoani, dairekta mpya, siku chache, hela ina kikomo, na mzoefu mmoja akae na vijana toka skripti mpaka editingi. Hata movi 2 kwa mwaka kwa kanda ya ziwa nzima.

Sisi hatujakaa. Mwenye mtumbwi keshakubali, kamera ni hiihii ya harusi, na wachezaji wanafanya mazoezi nyuma ya nyumba yetu kila Jumapili. Tunasubiri giza la mwezi tupige sini za ziwani, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawatoki.

Mpiga video,
Mabatini, Mwanza